Ondoa kivuli ukutani, rangi ya mtoto iache

Jioni ya Idi iliyopita, hapa kwetu Chumbageni, watoto walirudi kutoka viwanjani miguu imejaa vumbi na vinywa vyekundu kwa ubuyu. Kabla hawajavua nguo, mjomba wao akasema, "Simameni pale ukutani niwapige picha moja ya ukumbusho." Giza lilishaanza kuingia na taa yetu ya sebuleni ni moja tu. Mjomba ana kamera yake, ile yenye flashi juu. Akailaza upande ili kila mtoto aenee mzima kuanzia kichwani hadi viatuni, akabonyeza, pakawaka kama radi, kazi ikaisha.

Picha ya binti yangu wa miaka minane ilitoka nzuri, isipokuwa kwa jambo moja. Ubavuni mwake, kwenye ukuta wetu wa rangi ya krimu, alionekana mtoto mwingine mweusi tii asiye na uso. Kilikuwa kivuli chake. Kilikuwa na kichwa, kilikuwa na bega, kilikuwa na hata ncha za nywele alizosukwa siku ile.

Mama yangu anaishi Pangani. Kwa miezi mingi alikuwa ananiomba picha ya mjukuu wake ya kutundika ukutani, "ya karatasi, siyo ya simu," kama anavyosema mwenyewe, maana macho yake na vioo vya simu havipatani. Nikaamua hii ndiyo picha yake, kivuli kile kikishaondoka.

Nikafanya ambalo wengi wetu tungelifanya. Nikatafuta kwenye simu programu ya bure ya kurekebisha picha, nikaipakua, nikaweka picha, nikagusa kitufe kimoja. Kufumba na kufumbua, kivuli hakipo. Binti akaja kuchungulia begani kwangu. Akasema, "Mama, hapa nimetakata!" Nikacheka, nikamjibu, "Eeh, umependeza." Akaomba nimwekee picha ile kwenye simu yangu ya zamani anayochezea michezo, iwe ndiyo inayotokea mbele. Nikamwekea.

Nikaenda studio kuisafisha, nikaitia kwenye fremu, na Jumapili nikaipeleka Pangani kwa mkono wangu.

Mama aliipokea, akafuta kioo kwa ncha ya kanga, akaisogeza mlangoni penye mwanga. Akaitazama kwa muda. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, huyu mtoto wa nani?"

Nikadhani ananitania. Hakuwa akitania. "Kovu lake liko wapi?"

Binti yangu ana kovu dogo juu ya jicho la kushoto. Alilipata alipoanguka kutoka kwenye mwembe wa hukohuko kwa bibi yake, akiwa na miaka mitano. Bibi ndiye aliyembeba akivuja damu, na ndiye aliyemshika mkono wakati anashonwa. Kovu lile analijua kuliko ninavyolijua mimi. Programu ilikuwa imelifuta.

Nikaichukua fremu nikaitazama upya, safari hii kwa macho ya bibi. Haikuwa kovu peke yake. Uso wa mtoto, ambao ni maji ya kunde, ulikuwa umegeuka wa unga. Shingo na mikono vilibaki na rangi yake ya siku zote. Ncha za nywele za upande wa kivuli zilikuwa zimeliwa. Ndipo likanirudia lile neno la binti: nimetakata. Na jibu langu: umependeza.

Njia nzima ya kurudi Tanga nilikuwa nalo. Mzazi mwenzangu, kuondoa kivuli cha flashi ni kazi ndogo ambayo kila mmoja wetu anaweza kuifanya kwa simu aliyonayo. Ila ipo namna ya kuifanya, na ipo namna ya kumharibia mtoto sura yake mwenyewe bila kujua. Leo nataka tuzungumzie zote mbili.

KIVULI KINATOKA WAPI

Flashi ni taa ndogo yenye nguvu nyingi. Mwanga unaotoka mahali padogo hukata kivuli chenye ukingo mkali, kama jua la saa sita. Mwanga unaotoka mahali papana, kama mlango uliofunguliwa au mbingu yenye mawingu, humzunguka mtu na kivuli chake huwa laini, pengine usikione kabisa.

Halafu kuna ukuta. Sisi tumezoea kumwambia mtoto "simama pale ukutani", tena mara nyingi mgongo umegusa kabisa. Hapo kivuli hakina pa kwenda. Kinaangukia palepale nyuma yake, cheusi na chenye umbo kamili.

Kwenye simu flashi iko karibu sana na lenzi, kwa hiyo kivuli huwa chembamba, kama mstari mweusi uliochorwa kuzunguka sikio na bega. Kwenye kamera yenye flashi juu, kama ya mjomba, kivuli hushuka chini nyuma ya mtu. Ukiilaza kamera upande, flashi nayo inakuwa ubavuni, na kivuli hutupwa upande wa pili kikiwa kipana. Ndiyo maana binti yangu akapata pacha.

KWA NINI PROGRAMU ILIMCHUBUA MTOTO

Programu ya kitufe kimoja haijui kuwa huu ni ukuta na hili ni shavu kwa namna unavyojua wewe. Inachokiona ni vidoti vyenye mwanga mwingi na vidoti vyenye mwanga kidogo, pamoja na mifano ya picha ilizofundishwa. Ukiiambia iondoe weusi usiotakiwa, inaweza kuhesabu kivuli kuwa weusi, nywele kuwa weusi, na ngozi ya mwanao nayo ikaingia kwenye hesabu hiyohiyo. Nyingi pia zina "urembo" unaokuja umeshawashwa: zinalainisha ngozi, zinafuta makovu na vidoti, zinang'arisha uso. Hukuomba, lakini unapewa.

Jambo hili lina historia ndefu kuliko simu zetu. Enzi za filamu za rangi, maabara nyingi za kusafishia picha zilitumia kadi ya mfano kutoka kampuni ya Kodak ya Marekani kupima kama rangi zimekaa sawa. Kwenye kadi hiyo alikuwa mwanamke wa Kizungu. Kadi hizo ziliitwa Shirley, jina la mfanyakazi wa Kodak aliyetangulia kupigwa picha hizo. Ngozi ya Shirley ikitoka vizuri, mashine imepangwa vizuri. Mtu mweusi akitoka macho na meno tu, hilo halikuwa kwenye kadi. Ni mpaka miaka ya 1990 ndipo Kodak ilipoleta kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali.

Wengi wetu tuna albamu za nyumbani zenye picha za namna hiyo. Tulizoea kusema kamera mbaya, au mpiga picha hajui, au kibaya zaidi, "fulani hatoki kwenye picha kwa sababu ni mweusi mno". Kumbe kasoro haikuwa kwa fulani.

Zama za kompyuta hazikuliondoa tatizo. Mwaka 2018 watafiti wawili, Joy Buolamwini na Timnit Gebru, walizipima programu za kampuni tatu zinazosoma uso na kusema kama ni wa mwanamume au mwanamke. Kwa wanaume weupe makosa hayakufika asilimia 1. Kwa wanawake weusi, programu iliyofanya vibaya zaidi ilikosea karibu asilimia 35. Tangu hapo baadhi ya kampuni zimejitahidi. Mwaka 2021, kwa mfano, Google ilizindua simu za Pixel 6 ikitangaza kuwa kamera yake imeboreshwa ili kuonyesha ngozi nyeusi ilivyo. Lakini programu ya bure uliyoipakua jana usiku, hujui imefundishwa kwa nyuso za nani.

Na sisi tunaishi mahali ambapo weupe una soko lake. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, na bado kila mmoja wetu anamjua mtu aliyepaka mkorogo hadi uso na vidole vikakataa kufanana. Mama anayemkataza binti yake mkorogo, halafu anamtundikia ukutani picha iliyochubuliwa na kumwambia umependeza, anafundisha masomo mawili yanayogombana. Mimi nilikuwa mama huyo.

KABLA HUJAPIGA

Kivuli kilicho rahisi kuondoa ni kile ambacho hakikupigwa. Mambo machache yatakuepusha na kazi yote inayofuata.

Kwanza, zima flashi kila inapowezekana. Mpeleke mtoto mlangoni au barazani, asimame ndani kidogo ya kivuli cha nyumba huku uso ukielekea nje kwenye mwanga. Asubuhi au baada ya alasiri ni saa nzuri. Jua la utosini la hapa pwani linafanya kazi ileile ya flashi: linamchimbia mtoto mashimo meusi machoni.

Pili, kama ni usiku na flashi haikwepeki, mtoe mtoto ukutani. Hapa hesabu ni nyepesi. Mwanga wa flashi hupungua haraka kadiri unavyokwenda mbali: ukuta ulio umbali mara mbili ya mtoto hupata robo tu ya mwanga anaoupata yeye. Ukisimama mita 2 kutoka kwa mtoto, naye akasimama mita 2 kutoka ukutani, ukuta unafifia, na kivuli hakina tena weupe wa kujionyesha juu yake. Sebule ni ndogo? Hata hatua mbili zina faida.

Tatu, badilisha kilichoko nyuma. Kivuli cheusi kinapiga kelele kwenye ukuta mweupe. Kwenye pazia la rangi iliyoiva au kitenge cha kijani kibichi kinapotea.

Nne, tumia tochi ya simu nyingine. Mtu wa pili aielekeze kwenye dari nyeupe au ukuta mweupe ulio pembeni, siyo usoni kwa mtoto. Mwanga ukigonga pale unarudi ukiwa mpana na laini. Mwambie mtoto atulie, nawe shika simu kwa mikono miwili, maana mwanga huo ni mdogo na picha itatikisika upesi.

Tano, mfute jasho. Hapa Tanga paji la uso lenye jasho na flashi vikikutana, linatoka doa jeupe ambalo programu nyingi hushindwa kulirudishia rangi. Leso ya dakika moja inashinda kurekebisha kwa nusu saa.

Wapiga picha wa zamani walijua haya yote. Studio za pwani, kama Capital Art Studio aliyoifungua Ranchhod Oza pale Mji Mkongwe, Zanzibar, mwaka 1930, zilitokana na enzi ambazo filamu ilikuwa ghali na picha haikurudiwa ovyo. Mteja alikalishwa, taa zikapangwa, ndipo kamera ikabonyezwa. Kurekebisha nako kulikuwepo duniani kote: mafundi walichora kwa penseli iliyochongwa juu ya filamu yenyewe kupunguza makunyanzi na vivuli. Ila kila mstari ulikuwa mkono wa mtu aliyemwona mteja wake kwa macho.

NAMNA YA KUONDOA

Picha imeshapigwa na kivuli kimo. Fanya hivi.

Anza na picha halisi. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida imeshapunguzwa, na ukianza kuirekebisha inatoka chengachenga. Mwombe aliyeipiga akutumie kama dokumenti. Kisha tengeneza nakala, ufanye kazi kwenye nakala. Ile ya kwanza usiiguse kamwe. Hiyo ndiyo itakayokuonyesha ulipopotea.

Tumia programu inayokuruhusu kuchagua mahali pa kugusa. Mimi nimetumia Snapseed, ambayo ni ya bure. Ndani yake kuna kifaa kiitwacho Selective. Gusa ukutani katikati ya kivuli, kitatokea kidoti. Tanua au bana kwa vidole viwili, na programu itakupakia rangi nyekundu kuonyesha eneo litakaloguswa. Hapo ndipo pa kuwa makini. Wekundu ukiingia shavuni au kwenye nywele, bana mpaka utoke. Ukiridhika, telezesha kidole kwenda kulia na mwanga wa pale utapanda. Kivuli kikiwa kirefu, weka vidoti viwili au vitatu vidogo badala ya kimoja kikubwa.

Panda kidogokidogo. Ukuta ukipandishwa mwanga kwa pupa unatoka chenga na rangi inageuka majivu. Wala usikimalize kivuli chote. Acha kiasi chepesi, hasa miguuni, vinginevyo mtoto ataonekana kama amekatwa kutoka kwenye gazeti na kubandikwa. Lengo ni kivuli kisiwe cha kwanza kuonekana, basi.

Mabaki madogo yaliyo mbali na mwili yaondoe kwa kifaa cha Healing, kinachochota sehemu ya jirani na kuziba doa. Ukikitumia karibu na sikio au kwenye ncha za nywele, kitachota nywele na kuzibandika ukutani, au kitachota ukuta na kuubandika sikioni. Karibu na mwili rudi kwenye kupandisha mwanga.

Mwenye kompyuta anaweza kutumia GIMP, nayo ni ya bure. Rudufu kwanza tabaka la picha, halafu zungushia alama kwenye sehemu ya ukuta pekee ili mtoto abaki nje ya mpaka. Ndipo uchukue kifaa cha Clone na kukiweka kwenye hali ya Lighten only. Hali hiyo inagusa tu sehemu zilizo nyeusi kuliko rangi uliyoichota ukutani. Utaona kwa nini mpaka unatangulia: nywele za mwanao nazo ni nyeusi kuliko ukuta, na ngozi yake pia. Bila mpaka, kompyuta haitazibakiza.

Vivuli vya usoni ni habari nyingine. Kile kilicho chini ya kidevu, ubavuni mwa pua na chini ya midomo ndicho kinachoupa uso umbo. Ukikifuta, uso unakuwa bapa kama sahani. Kama kimezidi, kipunguze kidogo tu kwa njia ileile ya kidoti, kisha simama.

Mwisho, zima kila kitu chenye jina la urembo, ulainishaji au ung'arishaji. Kama programu haikuruhusu kukizima, hiyo siyo programu ya picha ya mtoto.

KIPIMO CHA MWISHO

Usiamini macho yaliyotazama kioo cha simu kwa nusu saa. Yanazoea. Iweke simu pembeni, kanywe maji, kisha rudi na vipimo vitatu.

Linganisha uso na mikono na shingo. Vikikataa kufanana, umeshavuka mpaka.

Mwite mtoto mwenyewe, asimame mlangoni kwenye mwanga wa mchana, uishike simu kando ya uso wake. Rangi ndiyo hiyo? Kovu lipo? Kidoti cha kuzaliwa kipo? Pengo la meno lipo?

Halafu mwonyeshe mtu anayempenda ambaye hakuwepo ulipokuwa unarekebisha. Kwetu mtu huyo ni bibi. Kwako anaweza kuwa shangazi au jirani. Usimuulize kama picha ni nzuri. Mwonyeshe tu, usubiri.

PICHA ZISIZOREKEBISHWA

Zipo picha ambazo hata kivuli cha ukutani usikiguse kwa programu: za pasipoti na vitambulisho. Tanzania ilianza kutoa pasipoti za kielektroniki mwaka 2018, na viwango vya kimataifa vya pasipoti hizo, vinavyowekwa na shirika la ICAO, vinataka uso usiwe na kivuli, nyuma pasiwe na kivuli, na picha isiwe imebadilishwa. Mashine za mipakani zinalinganisha uso na picha. Uso uliolainishwa unaweza kuwa wa mtu mwingine. Kivuli kikitokea kwenye picha ya namna hii, dawa ni kupiga upya.

Kwa mtoto mchanga, mlaze chali juu ya shuka lisilo na maua, karibu na dirisha, flashi imezimwa, nawe piga kutoka juu. Angalia usisimame kati yake na dirisha, maana kivuli kitakuwa chako.

Jambo moja zaidi, na hili ni la usalama. Baadhi ya programu hazirekebishi picha ndani ya simu yako. Zinaituma kwenye kompyuta za mbali, kisha zinakurudishia. Zima data ujaribu. Ikiendelea kurekebisha bila bando, kazi inafanyika humohumo kwenye simu. Ikigoma, huenda sura ya mwanao inasafiri, na huna hakika inalala wapi. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na picha ya mtoto ni taarifa yake. Lakini mlinzi wa kwanza wa picha hiyo ni wewe unayebonyeza "ninakubali" bila kusoma.

TULIVYOIRUDIA

Nilipofika nyumbani nilimwomba mjomba picha halisi. Jioni nikakaa na binti sebuleni, simu katikati yetu, tukaanza upya. Nilimwachia yeye aweke vidoti ukutani. Vidole vyake vidogo vinaifanya kazi ile vizuri kuliko vyangu. Kila wekundu ulipogusa nywele zake alisema, "Toka huko!" na kubana.

Kivuli kikaondoka taratibu, kikabaki chepesi kama moshi. Akaitazama. Kisha akasema jambo nililokuwa naliogopa: "Lakini ile nyingine nilitakata, mama."

Sikuwa na hotuba. Nilimwambia kweli, kwamba ile programu ilikosea, na mimi nikakosea zaidi kumwambia kapendeza. Nikamwambia rangi ile siyo yake, wala siyo yangu, wala siyo ya bibi, na kwamba bibi alipoiona hakumtambua. Hilo lilimshangaza kuliko yote. "Bibi hakunijua?" Nikamwambia alikuwa analitafuta kovu. Akalishika juu ya jicho, akanyamaza.

Picha ile ya kwanza kwenye simu yake ya michezo sikuifuta. Nilijua nikiifuta mimi nitaifanya kuwa tunda la kukatazwa. Nikamwachia aamue. Siku ya kwanza ilikuwepo. Ya pili ikawepo. Siku ya nne nikakuta ameitoa, ameweka picha ya paka wa jirani akiwa amelala juu ya ndoo. Nilipomuuliza alisema paka anachekesha. Sikuuliza zaidi.

Bado sijui limekwisha au la. Ana miaka minane tu, na atakutana na vioo vingi vya kumwambia atakate. Lakini kile cha nyumbani kwake hakitakuwa kimojawapo.

Fremu ya Pangani ina picha mpya sasa. Nilimpa dereva wa basi, ikafika salama, na jioni mama akapiga simu. "Shikamoo mama." "Marahaba, mwanangu." Akasema ameitundika pale juu ya redio, kwamba flashi imemng'arisha paji la uso kidogo, na kwamba gauni lilihitaji kupigwa pasi. Kuhusu mtoto mwenyewe hakusema neno. Alikuwa amemtambua.